Nenda Mkutanoni na Daftari: Namna ya Kutoka kwenye Kampeni na Jibu Mkononi

Kazi yangu ni kuandika lita. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi nimeshafungua kituo chetu cha kukusanya maziwa, huku upande wa Molo nchini Kenya, nikiwa na laktomita, kikombe cha sampuli na daftari la mistari. Ukileta maziwa naandika jina lako, lita zako na saa uliyofika. Ukiwa umeyatia maji sikugombezi. Naitumbukiza laktomita mbele ya macho yako, inazama kupita kiasi, na wewe mwenyewe unaanza kunieleza habari za ng'ombe aliyelala mvuani.

Ilinichukua miaka kugundua kwamba nilikuwa na kipimo cha maziwa lakini sina kipimo cha maneno.

Mwaka 2017 nilienda mkutanoni na swali moja tu, la lumbesa. Kama hulimi viazi, lumbesa ni hivi: gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa wavu na kuongezwa kichwa juu, likasimama kama mtu aliyembeba mtoto mabegani. Gunia hilo linapita kilo 100. Dalali analipa kwa gunia, halipi kwa kilo, kwa hiyo kile kichwa umekilima wewe na anakiuza yeye. Nilitaka kumuuliza mgombea wa uwakilishi wadi atafanya nini kuhusu magunia hayo. Nikanyoosha mkono, nikapewa kipaza sauti, nikauliza. Akanitazama kwa huruma kama daktari.

"Mama," akasema, "wewe unaleta habari za magunia, na wenzako wako huko wanapanga vile watatutoa hapa?"

Uwanja ukalipuka. Na mimi nikapiga makofi. Nilifika nyumbani sauti imekauka, mume wangu akaniuliza: "Kwa hivyo amesema nini juu ya magunia?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilipiga makofi mimi, ambaye mama yangu ni Mkipsigis na baba yangu Mkikuyu, mimi ambaye kwenye majukwaa ya hapa nimewahi kuwa "wetu" asubuhi na "wao" jioni. Mimi ambaye mwisho wa 2007, ghasia za uchaguzi zilipozuka, nililala siku kumi na moja kwenye ukumbi wa kanisa na watoto wawili na debe moja la unga. Ndiyo maana simcheki mtu anayeshangilia mkutanoni. Kushangilia ni kutamu. Ninachokuonyesha hapa ni namna ya kushangilia ukitaka, ila urudi nyumbani na kitu kimeandikwa.

Kabla hujatoka nyumbani

Chagua swali moja. Ukienda na matano utatoka bila hata moja. Na liwe dogo, la kushikika. "Utafanyia nini wakulima?" ni swali la kumpa mgombea nafasi ya kuimba. "Kizuizi cha kutoza ushuru wa mazao kitakuwa na mizani au hakitakuwa nayo?" hilo haliimbiki.

Halafu jua ni la nani. Agosti 2027 utapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Ukifungua Katiba ya 2010 mwishoni, Jedwali la Nne linagawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Kilimo cha shambani, masoko, minada ya mifugo, zahanati na hospitali za kaunti, maji, barabara za kaunti, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko kaunti. Shule za msingi na za upili, vyuo vikuu, polisi, hospitali kuu za rufaa na barabara kuu viko serikali kuu. Nakili ukurasa huo kwa mkono uubandike ndani ya jalada la daftari. Mimi wangu una doa la maziwa lakini unasomeka.

Ukurasa huo utakuonyesha ujanja ambao kwetu hapa ndio mkubwa kuliko matusi yenyewe. Mgombea wa wadi atapanda jukwaani na dakika zake zote atazitumia kumshambulia mgombea wa urais wa upande wa pili. Hana uwezo wowote juu ya mtu huyo. Bajeti ya zahanati yenu, ambayo itapita mikononi mwake kwenye bunge la kaunti, hajaitaja. Na ninyi mmerudi nyumbani mkiamini mmesikia siasa kubwa.

Mkiwa uwanjani

Chukua penseli, usichukue kalamu. Mvua ya Molo haina adabu, na wino ukilowa huna ushahidi.

Gawa ukurasa mara tatu kwa mistari ya kusimama. Safu ya kwanza iandike "Sisi na wao". Ya pili, "Nitawaletea". Ya tatu, "Nani, pesa gani, lini". Weka simu mapajani uone saa. Kila mzungumzaji akianza, andika dakika. Akiwataja maadui, weka alama safu ya kwanza. Akisema ataleta maji bila kusema kutoka wapi, hiyo ni safu ya pili. Safu ya tatu huingii mpaka umesikia ofisi itakayofanya, fungu la pesa na muda. Usimwonee mtu huruma kwenye safu ya tatu. Nimewahi kurudi nyumbani baada ya saa tatu za lori la muziki, tisheti na hotuba kumi na moja, safu hiyo ikiwa na mstari mmoja tu, na aliyeuleta alikuwa kijana mgombea huru ambaye hata kipaza sauti walimzimia.

Usiandike tu kilichosemwa. Andika na kilichotangulia. Hapa ndipo nataka utulie na mimi kidogo, maana ndipo nilipochelewa kuelewa. Maneno ya kutugawa hayamtoki mgombea ovyo kama kikohozi. Angalia daftari langu: mara nyingi alama za safu ya kwanza zinarundikana mara tu baada ya swali, au baada ya mtu wa umati kupiga kelele "Barabara!", au baada ya mpinzani kutangulia kutaja kiwango cha pesa. Swali likikaribia kumbana, adui anazaliwa. Yule wangu wa 2017 hakuwa na habari yoyote kuhusu watu wanaopanga kututoa. Alikuwa na swali la magunia ambalo hakujiandaa nalo.

Kuna jambo jingine. Akikwambia anayekudhulumu ni jirani yako, amejitoa yeye kwenye orodha ya wadaiwa. Mimi karani naijua mbinu hiyo. Mtu akiwa na deni kituoni, akifika anaanza kwanza kunisimulia jinsi fulani anavyotia maji.

Sikiliza pia pale lugha inapogeuka. Huku kwetu mtu huanza kwa Kiswahili, kwa sababu waandishi wa habari wapo na umati ni wa makabila yote. Akifika kwenye lile analotaka liwaingie "watu wake" peke yao, anahamia lugha ya mama katikati ya sentensi, anatupa methali, umati unacheka, anarudi Kiswahili kuwashukuru wazee. Weka nyota pembeni hapo. Kama huijui lugha hiyo, muulize aliye kando yako amesema nini, na uyatazame macho yake anapokutafsiria. Akisema "Ah, ni utani tu," umeshapata jibu.

Kuna na maneno ya kificho, ambayo kila mtu hapa anayajua na hakuna anayekubali kwamba anayajua. Mwanzoni mwa 2022 neno "madoadoa", la kuwaita watu wa kabila jingine wanaoishi katikati yenu, lilisemwa kwenye mkutano Eldoret, na nchi nzima ikashtuka, kwa sababu Bonde la Ufa tulilisikia zamani na tunajua doa ni nani na kuliondoa maana yake nini. Aprili mwaka huo Tume ya Uwiano na Utangamano ikatoa orodha ya maneno ya kuangaliwa, na madoadoa yalikuwamo, na kwekwe pia. Mkulima akilisikia neno kwekwe mdomoni mwa mtu asiyeshika jembe, na aweke penseli chini asikilize vizuri.

Si kila malalamiko ya kabila ni uchochezi

Hapa wenzangu wengi wanaoandika miongozo ya amani wananikosesha raha. Wanakwambia ukisikia kabila likitajwa, funga masikio. Hapana. Kuna watu wamenyimwa kazi kweli, na kuna ardhi ina historia kweli. Ukimwambia mtu aliyenyimwa kwamba anachochea, umempeleka mwenyewe kwa yule mwenye lori la muziki.

Fanya hivi: lichukue lalamiko uligeuze liwe kitu kinachohesabika. Mgombea akisema "kaunti hii imeliwa na watu wa upande ule", usimpinge na usimshangilie. Muulize idadi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za kuanzia zijazwe na watu wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inasema hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Basi, mheshimiwa, ukichaguliwa utadai bungeni orodha ya wafanyakazi? Mwezi gani? Mwenye hoja atafurahi umemsaidia. Aliyekuwa anachokoza moto tu atakuona mkorofi.

Mfano wa hoja nzuri iliyoharibiwa nimeuishi. Mwaka 2007 mjadala wa majimbo ulikuwa swali halali kabisa: mamlaka na pesa vikae Nairobi, au vishuke kwa wananchi? Ungeweza kuuliza ushuru utagawanywa vipi na hospitali itakuwa chini ya nani. Lakini neno hilo lilipofika vijijini kwetu lilikuwa limegeuzwa likawa swali moja tu, nani ahame. Juu yake ikazunguka hesabu ya "41 dhidi ya 1", makabila yote dhidi ya moja. Uchaguzi ukafanyika tarehe 27 Disemba. Katika ghasia zilizofuata watu zaidi ya 1,100 walikufa na zaidi ya nusu milioni wakakimbia makwao. Miaka mitatu haikuisha, Agosti 2010 Katiba mpya ikalijibu lile swali: kaunti 47, na mgawo wa kaunti usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Jibu lilikuwa ni hesabu na vifungu vya sheria, na hakuna kifungu hata kimoja kilichomtaka jirani yangu ahame.

Na mgawanyiko hauvai kabila kila siku. Mwaka 2022 ulivaa mahasla na dainasti, maskini dhidi ya watoto wa wakubwa. Kwa maoni yangu huo ulikuwa na nyama kidogo ndani, kwa sababu chini yake kulikuwa na suala la mtaji wa mtu mdogo. Lakini wangapi tuliuliza kabla ya kura mkopo utakuwa wa shilingi ngapi? Hazina ya Hasla, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba mwaka huo, mkopo ulianzia shilingi 500, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Mama wa mitumba aliye jirani na kituo chetu alinionyesha simu yake akiwa amekunja uso. Alikuwa amevaa kofia ya kampeni miezi minne mfululizo na hakuwahi kuuliza kiasi.

Uliza mahali ambapo hawezi kukukimbia

Jukwaani ni pabaya kuuliza. Kipaza sauti ni chao, umati ni wao, na jibu la kukugeuzia umati ni rahisi. Matangani wagombea huja kwa wingi, lakini tafadhali mwache marehemu apumzike. Kanisani siku ya harambee mtu amekuja na bahasha, na bahasha ikishasomwa hakuna atakayethubutu kumuuliza kitu.

Sisi mwaka 2022 tuliwaita kituoni. Kituo cha maziwa si cha kabila. Foleni ya saa kumi na mbili ina Wakalenjin, Wakikuyu, Wakisii na yeyote mwenye ng'ombe. Tulituma ujumbe kwa wagombea wote wa wadi, siku moja, saa moja na nusu asubuhi, mitungi ikishaondoka. Masharti matatu: dakika kumi kila mmoja, hakuna kumtaja mtu asiyekuwapo, na swali ni lilelile kwa wote, wamepelekewa siku tano kabla.

Hilo la kumpelekea swali mapema watu walinipinga. "Utampa nafasi ajitayarishe!" Ndiyo, ndivyo ninavyotaka. Simtegi mtu. Asiyejitayarisha baada ya siku tano hana kisingizio, na hapo ndipo utakapoona anavyomtafuta adui.

Swali letu lilikuwa la lumbesa bado, lakini safari hii lilikuwa na meno. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisipite kilo 50. Sheria ipo, na malori ya lumbesa yanapita usiku mbele ya kizuizi cha kaunti. Kwa hivyo tuliuliza: nani atapima pale kizuizini, atakuwepo saa ngapi, na mshahara wake utatoka fungu gani?

Walikuja wawili kati ya wanne. Wa kwanza alianza vizuri, dakika ya tatu akasema madalali wote ni watu wa kabila fulani. Mzee mmoja wa foleni, mkali kama pilipili ya mbuzi, akasimama: "Mwanangu, dalali wangu ni shemeji yangu. Endelea na mizani." Tukacheka, na huyo mgombea, nimpe haki yake, naye akacheka akarudi kwenye mizani. Wa pili alikuja na karatasi. Alisema kaunti tayari inao askari wanaotoza ushuru pale, tatizo wanaondoka saa kumi na mbili jioni. Angedai zamu ya usiku na mizani moja, na angeiweka kwenye mapendekezo ya bajeti ya mwaka wa kwanza. Nikaandika safu ya tatu mpaka penseli ikabutuka.

Simu yako

Sitakaa sana hapa. Wiki ya mwisho zitakuja sauti za WhatsApp, mtu anapumua kwa hofu, "jamani wamepanga kufunga barabara usiku huu". Uliza mambo matatu kabla ya kidole hakijagusa: imerekodiwa lini, wapi, na wewe unamjua aliyerekodi? Ikiwa na mishale miwili ya kuonyesha imesambazwa mara nyingi, jibu la hilo la tatu unalo. Kwenye kundi letu la wafugaji kanuni ni kwamba ukileta sauti ya namna hiyo, ulete na jina la aliyekupa. Kundi lilinyamaza ghafla.

Lakini simu si adui. Juni 2024 vijana walizitumia simu hizohizo kutusomea Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wengine kwa lugha za mama: mkate kutozwa asilimia 16, gari kutozwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Binti yangu alinisomea nikikamua. Hakuna aliyeniuliza mkate wangu ni wa kabila gani.

Baada ya kura, usitupe daftari

Hapa wengi huachia, na hasara yote huwa hapa. Weka alama kwenye kalenda: tarehe 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka lazima uwe umefika bunge la kaunti, 28 Februari karatasi ya mkakati wa fedha, 30 Aprili makadirio ya bajeti. Wananchi huitwa kutoa maoni, mara nyingi kwa tangazo lililobandikwa mlangoni kwa chifu na mvua imeshalichana. Nenda. Beba ukurasa wa safu ya tatu. Na kumbuka sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Wakikwambia hakuna pesa ya mizani moja, waombe wakuonyeshe asilimia hizo zimekwenda wapi.

Yule wa karatasi alishinda. Mwaka uliofuata nilimfuata ofisini, nikasubiri kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa saba. Alinipokea vizuri, akaniagizia chai.

"Mama, nilisema hivyo kweli?"

Nikafungua daftari. Nikamsomea siku, saa, alichosema juu ya zamu ya usiku, na koti la kijani alilokuwa amevaa. Akacheka, akaniomba nimsomee tena polepole, msaidizi wake aandike.

Mizani ilikuja Machi. Askari wa usiku bado hajaja, na ukurasa wake sijaufunga.